Sindano na Mwili Uliokonda: Miaka Mia ya Kutafuta Mahali pa Kuchoma

(Muziki wa kufungulia. Unapungua. Sauti ya msomaji.)

  

Leo kwenye historia ya afya tunazungumzia sindano. Si ile ya chanjo ambayo watoto huikimbia. Ni ile ndogo ambayo mtu mwenye ugonjwa wa sukari hujichoma mwenyewe, asubuhi na jioni, kila siku ya maisha yake. Na swali letu ni hili: mtu aliyekonda sana, ambaye ukimshika tumboni huna la kushika, achome wapi? Tena kwa sindano yenye urefu gani?

Ukilisikia kwa mara ya kwanza unaweza kuona ni jambo dogo la wauguzi. Lakini watu wameanguka shambani, wamezimia ndani ya mtumbwi, na wengine hawakuamka usingizini, kwa sababu dawa nzuri, kipimo sahihi, saa sahihi, vyote viliingia mahali pasipostahili. Na madaktari wenyewe walichukua zaidi ya miaka 60 kuligundua hilo. Tuanze mwanzo.

Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepata ugonjwa wa sukari wa kuhitaji insulini alikuwa hana dawa. Kongosho lake, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo, kimeacha kutengeneza insulini. Na bila insulini chakula hakiingii mwilini hata ukile sufuria nzima. Sukari inajaa kwenye damu, inatoka na mkojo, na mwili unajila wenyewe. Huko Marekani daktari mmoja, Frederick Allen, alikuwa na njia yake: kuwanyima chakula. Mgonjwa alilishwa kidogo kabisa, ili sukari isipande, apate miezi michache zaidi, pengine miaka miwili. Watu waliokimbia vita wanaijua njaa, kwa hiyo sitaieleza. Ila fikiri kwamba njaa ile ilitolewa hospitalini, kwa kupimwa kwenye mizani, na ndiyo ilikuwa tiba bora ya wakati ule.

Tarehe 11 Januari 1922, katika hospitali moja ya Toronto, nchini Kanada, alikuwepo mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson. Alikuwa na uzito wa kilo 29 hivi. Frederick Banting na Charles Best walikuwa wamepata majimaji kutoka kwenye kongosho la ng'ombe, katika maabara ya Profesa Macleod. Yalikuwa ya rangi ya kahawia, mazito, machafu. Alichomwa mililita 15, nusu tako hili na nusu tako lile. Sukari ilishuka kidogo tu, na pale alipochomwa pakavimba jipu. Wakasimamisha. Mkemia James Collip akafanya kazi usiku na mchana kuyasafisha yale majimaji, na tarehe 23 Januari wakaanza upya. Safari hii mvulana akafufuka. Aliishi miaka 13 zaidi.

Mwaka huohuo, mwezi Agosti, akaletwa Toronto binti wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Elizabeth Hughes. Umri miaka 14, kuelekea 15, na uzito wa kilo 20 hivi. Kilo 20, ndugu msikilizaji, ni uzito wa mtoto wa miaka sita aliyeshiba. Cheo cha baba yake hakikumwongezea hata nyama ya kidole. Alipoanza kuchomwa insulini alinenepa, akakua, akaolewa, akazaa, na alifariki mwaka 1981.

Nawataja hawa wawili kwa sababu moja. Wagonjwa wa kwanza wa insulini duniani walikuwa mifupa na ngozi. Lakini hakuna aliyekaa chini kuuliza sindano iwe na urefu gani kwa mwili kama ule. Kifo kilikuwa mlangoni, walichoma walipoweza. Halafu wagonjwa wakanenepa, na swali likasahauliwa.

Sindano za siku hizo ukiziona leo utashtuka. Mwaka 1924 kampuni ya Becton Dickinson ya Marekani ilitengeneza bomba la kwanza lililokusudiwa insulini peke yake. Lilikuwa la kioo. Sindano yake ilikuwa ya chuma, mtu anayo moja au mbili, anazichemsha kwenye sufuria kila siku, na ikiwa butu anainoa kwa jiwe, kama mtu anavyonoa kisu cha kupasulia samaki. Urefu wake ulifika milimita 12, hata 16. Ili upate picha: punje ya mchele ina urefu wa milimita 6 hivi. Basi weka punje mbili au karibu tatu, moja mbele ya nyingine; hiyo ndiyo iliyokuwa ikizama mwilini.

Miaka ya mwanzo madaktari waliona pia kwamba mtu akichoma mahali pamoja tu, ngozi inabonyea na kufanya shimo, au inavimba na kufanya uvimbe laini kama donge la unga. Mashimo yalipungua insulini ilipozidi kusafishwa. Madonge bado yapo hadi leo, na tutayarudia. Ndiyo maana ushauri wa kuhamahama, leo hapa kesho pale, ni wa zamani sana katika ugonjwa huu. Ila ulihusu upande, haukuhusu kina. Juu ya kina kila mtu alidhani anajua: sindano ikipenya ngozi, basi dawa imefika kwenye mafuta.

Mwaka 1986 madaktari wawili wa Sweden, Anders Frid na Björn Lindén, waliandika makala fupi katika jarida la madaktari wa Uingereza. Kichwa chake kilikuwa swali: wagonjwa wa sukari waliokonda huchoma insulini yao wapi? Walitumia mashine ya picha inayoonyesha ndani ya mwili tabaka kwa tabaka, wakatazama wapi ncha ya sindano inaishia. Walichokiona ni kwamba kwa watu wembamba, mara nyingi sindano ilikuwa imepita mafuta na kuingia ndani ya msuli. Mgonjwa mwenyewe hajui. Muuguzi hajui. Daktari anayeshangaa kwa nini sukari inapanda na kushuka kama mawimbi ya Mweru mwezi wa Agosti, naye hajui. Mimi naona makala ile ya kurasa chache iliokoa watu wengi kuliko vitabu vinene.

Sasa tueleze kwa nini msuli ni mahali pabaya. Mwili wetu una tabaka. Juu kuna ngozi. Chini ya ngozi kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna msuli, yaani nyama yenyewe inayofanya kazi. Mafuta hayana haraka. Insulini ikiwekwa humo inatoka polepole na kwa mpango, kama maji yanayochuja kwenye mtungi. Msuli una damu nyingi, na ukifanya kazi damu huongezeka. Insulini ikiwekwa humo inakimbia yote kwa pamoja. Sukari inaanguka ghafla, kabla ya chakula kuingia. Na baadaye, saa ambazo insulini ilitakiwa iwe bado inafanya kazi, imekwisha, sukari inapanda tena.

Tuchukue mfano wa huku kwetu. Mvuvi wa Mweru amejichoma mkononi, sehemu ya juu ya nyuma, alfajiri. Amekonda, mkono wake ni msuli na mfupa. Anaingia kwenye mtumbwi, anapiga kasia nusu saa. Ule mkono aliouchoma ndio unaofanya kazi. Baada ya muda mfupi jasho linamtoka, si la jua. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, maneno yanachanganyika. Wenzake watasema kalewa. Au mama wa Mantapala aliyejichoma pajani, kisha akatembea hadi shambani kupanda muhogo. Paja ndilo linalotembea. Na ikiwa ni kati ya Desemba na Februari, uvuvi umefungwa na serikali ili samaki wazaliane, hela ya chisense hakuna, pengine asubuhi hiyo hakula hata bukari ya jana, hatari imeongezeka maradufu. Insulini bila chakula ni hatari kwa kila mtu. Kwa aliyekonda, insulini ndani ya msuli na tumbo tupu ni hatari inayokuja kwa dakika.

Kwa hiyo, kabla hatujaendelea na historia: ukiona dalili hizo kwako au kwa mwenzako, chukua vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari, koroga katika maji kidogo, anywe hapo hapo. Asubiri dakika 15, na kama hajapata nafuu arudie. Akishatulia ale chakula. Aliyezimia usimtie kitu cha maji mdomoni, kitamwingia kwenye mapafu; mlaze ubavu na mkimbize kituo cha afya.

(Muziki mfupi.)

Baada ya ile makala ya 1986, sindano zilianza kufupishwa. Mwaka uliotangulia, 1985, kampuni ya Novo ya Denmark ilikuwa imeleta kalamu ya insulini, kifaa kama kalamu ya kuandikia chenye dawa ndani na kisindano cha kubadilisha mbele. Kalamu ndiyo iliyorahisisha kufupisha. Zikaja sindano za milimita 8, kisha 6 na 5, na mwaka 2010 zikafika za milimita 4.

Watu walizitilia shaka. Mtu mnene aliangalia kile kisindano kifupi kuliko punje ya mchele akasema, hiki hakitapita hata ngozi yangu. Jibu lilitoka mwaka huohuo wa 2010, watafiti walipopima ngozi za watu wazima 388 wenye ugonjwa wa sukari huko Marekani: weupe, weusi, wenye asili ya Asia na wa Amerika ya Kilatini, wembamba na wanene. Ngozi ilikuwa karibu sawa kwa wote. Kwa wastani ilikuwa milimita 1.9 pajani, 2.2 tumboni na mkononi, 2.4 matakoni. Kinachotofautiana kati ya mtu na mtu ni mafuta yaliyo chini yake. Mnene hahitaji sindano ndefu zaidi, kwa sababu ngozi yake si nene zaidi. Na mwembamba ana kila sababu ya kuiogopa ndefu, kwa sababu chini ya zile milimita mbili za ngozi huenda kuna milimita chache tu za mafuta, kisha nyama.

Oktoba 2015 wataalamu 183 kutoka nchi 54 walikutana Roma, Italia, wakakubaliana juu ya namna ya kuchoma insulini. Maazimio yalichapishwa mwaka uliofuata. Anders Frid, yule wa picha za 1986, alikuwa miongoni mwa walioyaandika. Wanasema sindano ya kalamu ya milimita 4 ndiyo salama kuliko zote, kwa watu wote. Mtu wa kawaida huichoma ikiwa imesimama wima. Mtu mzima aliyekonda sana, na mtoto wa miaka sita kushuka chini, anyanyue kwanza mkunjo wa ngozi, kisha achome wima ndani ya ule mkunjo.

Kukonda sana kulipewa kipimo. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.60, ni kuwa na chini ya kilo 49 hivi. Kwa mwenye mita 1.70, chini ya kilo 55. Ukimwomba mhudumu wa afya akupime urefu na uzito, atakuambia uko wapi.

Hapa ndugu msikilizaji atasema: kalamu mnaizungumzia ya nani? Sisi tunapewa kichupa na bomba. Ni kweli. Katika makambi mengi ya Afrika dawa inakuja kwenye kichupa, na mabomba yana sindano iliyoshikamana nayo, ya milimita 6 ukibahatika, 8 mara nyingi, hata 12 na nusu. Na wale wa Roma waliandika wazi kwamba sindano za mabomba hazifai kwa mtu mzima aliyekonda sana wala kwa mtoto mdogo, hata akinyanyua ngozi, kwa sababu zinafika kwenye msuli kirahisi. Nasema haya si ili mtu aache kuchoma. Hilo hata usilifikirie: kuacha insulini kunaua kwa siku chache. Nasema ili ujue una haki ya kuuliza. Uliza kituoni kwako kama kuna kalamu na sindano fupi. Kama hazipo, uliza bomba lenye sindano fupi kuliko zote walizonazo.

Na kama bomba la milimita 8 ndilo hilo hilo, yapo mambo yanayopunguza hatari. La kwanza ni mkunjo. Unyanyue kwa kidole gumba na cha shahada, labda na cha kati, kwa upole, kama unavyoshika jani la sombe bila kulichana. Ukikamata kwa kiganja kizima unanyanyua na msuli pia, na hapo umefanya kazi bure. La pili ni mlalo. Usiisimamishe sindano wima. Ilaze nusu, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, ile wanayoiita nyuzi 45. Sindano ya milimita 8 iliyolazwa hivyo inashuka chini milimita 5 na kidogo. Choma, sukuma dawa polepole, hesabu hadi kumi, chomoa, kisha ndipo uachie mkunjo.

La tatu ni mahali. Matako, upande wa juu na wa nje, ndipo mwili uliokonda huhifadhi mafuta yake ya mwisho. Ndipo pia walipomchoma Leonard Thompson ile siku ya kwanza, ingawa sidhani walikuwa wamefikiria urefu wa sindano. Tumbo linafuata: kando ya kitovu, umbali wa upana wa kidole na zaidi, chini ya mbavu na juu ya kinena. Paja la mtu aliyekonda lina mafuta machache, hasa upande wa nje. Ukilazimika, chukua theluthi ya juu, mbele kuelekea nje, na unyanyue ngozi. Mkono uache. Kujichoma mkononi na wakati huohuo kunyanyua ngozi ya mkono huohuo kunahitaji mikono mitatu, na Mungu ametupa miwili. Kama ni mtu mwingine anayekuchoma, bado kwa mwembamba mkono ndio wenye hatari zaidi.

Kuna wanaouliza juu ya ile insulini nyeupe kama maziwa. Hiyo ilivumbuliwa katika maabara ya Hans Christian Hagedorn, Denmark, miaka ya 1940, ili dawa idumu saa nyingi zaidi mwilini. Izungushe kichupa polepole viganjani mara 20 kabla ya kuvuta, usitikise. Ya usiku ni afadhali ichomwe takoni au pajani, ambako inatoka taratibu zaidi, ili sukari isianguke umelala. Kwa aliyekonda, tako. Ile ya maji maangavu, ya kabla ya chakula, inakwenda vizuri tumboni.

Na yale madonge niliyosema tutayarudia: pitisha vidole vyako mahali unapochoma. Ukikuta uvimbe laini au ngozi ngumu, usichome hapo tena kwa miezi. Watu wanapapenda kwa sababu hapaumi, na mwembamba anapapenda zaidi kwa sababu anaona ndipo penye nyama. Lakini dawa hainyonywi vizuri. Tena uangalifu: ukihama kutoka kwenye donge kwenda ngozi nzima, kipimo kilekile kinaweza kuwa kikali kupita kiasi. Mwambie muuguzi kwanza, akupangie kipimo na akupime sukari mara nyingi zaidi siku hizo. Kila mchomo uwe mbali na ule wa jana kwa upana wa kidole.

Jambo moja zaidi la mabomba, kwa sababu watu wetu huvuka mpaka na dawa mfukoni. Vichupa vimeandikwa nguvu ya dawa: U-100 ni ya kawaida siku hizi, U-40 bado ipo nchi nyingine. Bomba nalo limeandikwa. Namba za kichupa na za bomba lazima zifanane. Insulini ya U-100 ikivutwa kwa bomba la U-40 ni mara mbili na nusu ya kipimo, na hilo linaua mnene na mwembamba sawasawa.

(Muziki mfupi.)

Mtu anaweza kuuliza: ugonjwa wa sukari si wa watu wanene? Hivyo ndivyo vitabu vya Ulaya na Marekani vilivyofundisha kwa muda mrefu, na sisi tukavimeza. Mwaka 1955 daktari Philip Hugh-Jones, akifanya kazi Jamaica, alieleza wagonjwa wasiolingana na vitabu: vijana, wembamba, wenye sukari ya juu sana, wanaohitaji insulini nyingi, lakini hawaingii haraka kwenye ile hali ya kuzimia inayowapata wengine. Aliwapa herufi ya kisiwa chenyewe, aina ya J. Wengine kama hao walionekana India, Nigeria na kwingineko. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani likaweka katika orodha yake ugonjwa wa sukari unaotokana na utapiamlo. Mwaka 1999 likaufuta, likisema ushahidi hautoshi. Aprili 2025, katika mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likaurudisha na kuuita aina ya 5. Miaka 70 watu waliokonda walikuwa wanaumwa. Kilichokuwa kinaingia na kutoka ni jina.

Kwa muda fulani walilaumu muhogo, kwa sababu ya sumu iliyo katika muhogo mchungu usiolowekwa vizuri. Haikuthibitishwa. Hata hivyo loweka muhogo wako siku zote zinazotakiwa. Sumu ile inapooza miguu, na hilo halina ubishi.

Karibu na sisi, Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari Swai, Lutale, McLarty na wenzao waliandikisha wagonjwa wapya wa sukari zaidi ya 1,200 kati ya 1981 na 1987, wakawafuatilia kuona nani anaishi. Matokeo yalitoka 1990. Wengi wa waliohitaji insulini waliokufa waliuawa na sukari iliyopanda mno, yaani ugonjwa ambao insulini ingeuzuia. Insulini ilikuwa tayari kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza, ya 1977. Kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye kabati la zahanati ni mambo mawili, kama kila aliyepita Kala na Mwange miaka ya 2000 anavyojua, na kila aliyefika Kenani mwaka 2017 na kuhamishiwa Mantapala mwaka 2018.

Kisa cha mkimbizi mmoja nakitunza siku zote. Eva Saxl na mumewe Victor walikuwa Wayahudi wa Czechoslovakia waliokimbia Wanazi, wakafika Shanghai, China, kwa sababu ulikuwa miongoni mwa miji michache iliyowapokea watu bila viza. Huko Eva, akiwa na miaka ishirini hivi, akapatikana na ugonjwa wa sukari. Desemba 1941 vita vikafika Asia, Wajapani wakashika mji wote, na insulini ikakatika madukani. Victor alikuwa mhandisi wa nguo, si daktari. Walichukua kitabu cha tiba kilichoeleza jinsi Banting na Best walivyofanya, mkemia mmoja Mchina akawapa nafasi ya maabara, wakanunua makongosho ya nyati wa maji machinjioni. Walipima nguvu ya dawa kwa sungura. Ilitoka ya kahawia, kama ile ya Toronto. Wa kwanza kuchomwa alikuwa Eva mwenyewe. Hadi vita vinakwisha mwaka 1945 waliwagawia wagonjwa wengine. Idadi inayotajwa sana ni zaidi ya 400. Eva aliishi hadi mwaka 2002. Msijaribu nyumbani, tafadhali. Wao wenyewe walikaribia mwaka mzima kabla ya kuthubutu.

Tatizo lililobaki kwetu ni joto. Nyumba za mabati na maturubai hazina friji, na kwa miaka mingi wagonjwa wa makambini walilazimika kutembea hadi kituo kila mara wanapotaka kuchomwa, kwa kuwa insulini haikuruhusiwa kukaa nje ya friji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya: 25 usiku, 37 mchana. Wakaiweka insulini kwenye maabara katika joto hilo hilo la kupanda na kushuka kwa wiki nne. Mwaka 2021 walitangaza kwamba nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia moja. Kwa hiyo kichupa kilichofunguliwa kinaweza kukaa nyumbani wiki nne, mbali na jua na jiko. Chungu cha udongo husaidia: kikubwa, mchanga mbichi ndani yake, chungu kidogo katikati ya mchanga, na kitambaa kibichi juu. Kichupa kifunge kwenye mfuko wa plastiki kisiingie maji, ukiweke ndani ya chungu kidogo, kivulini penye upepo. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Andika juu ya kichupa tarehe uliyokifungua. Sindano zilizotumika weka kwenye chupa ngumu yenye mfuniko, na chupa ikijaa irudishe kituoni.

(Muziki wa kufungia.)